Ukungu Juu ya Msaji

Jumatatu, 27 Machi 1995

Masika yameingia. Nimefika kazini nguo zimeniganda mwilini na viatu vinalia kama vyura.

Hii ni wiki yangu ya tatu kwa Dawoodbhai, na bado sijui niweke wapi mikono yangu mtu anaponisemesha. Duka la samani liko mbele, karakana iko nyuma, ndani ya uchochoro unaotoka Ndia Kuu. Kati ya duka na karakana pana mlango mmoja mzito, na meza yangu iko kando ya mlango huo. Kazi yangu ni risiti, barua na simu. Naandika haya kwa sababu nyumbani kwa Shangazi Ketty, kule Majengo, hapana nafasi ya kusema jambo polepole. Wote husema kwa pamoja, na mimi hungoja zamu ambayo haifiki.

Karani aliyenitangulia aliondolewa kwa sababu ya mdomo. Ndivyo alivyoniambia Dawoodbhai siku ya kwanza, kwa upole kabisa: "Kijana mzuri, beti, lakini mdomo." Beti ni binti kwa lugha yao. Tangu siku hiyo nakubali kila ninaloambiwa.

Alhamisi, 30 Machi

Leo nilitumwa nyumba mbili karibu na Ngome kununua santuri. Si hizi za plastiki. Ni zile za zamani, nzito, ambazo ukiziangusha huvunjika kama sahani. Wajane huwa nazo chini ya vitanda. Bibi mmoja alizifuta vumbi moja moja kabla ya kunipa, kisha akauliza zinakwenda kupigwa wapi. Nikasema sijui. Nilijua.

Zinakwenda kwa Mzee Abdulghafur. Huyu ndiye fundi wa polishi, na karakana yote inamtegemea. Yeye hanunui kopo la dukani. Huzivunja santuri kwa nyundo ndani ya gunia, humwaga vipande katika mtungi wa spiriti, na baada ya siku kadhaa lakiri iliyo ndani yake huyeyuka na masizi kutuama chini. Huchuja kwa kanga kuukuu mpaka apate kitu chenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mbao anazotaka ziwe nyeusi zaidi huzipaka kwanza maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki. Hata msaji wenyewe, mbao tunayoifanyia kazi, ulitoka katika dari la nyumba iliyobomolewa. Hapana kitu kipya katika karakana hii ila mimi.

"Karani," aliniambia, "hapa ndani wamo waimbaji wote wa pwani. Ukilalia kitanda changu, husikii?"

Nikasema nasikia. Akacheka sana.

"Huyu hata nikimwambia mbuzi anataga, atauliza mayai mangapi."

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua. Simu haifanyi kazi.

Alhamisi, 6 Aprili

Tumepata kazi kubwa. Bwana Jamaldin, mwenye maduka ya vitambaa, anamwoza mwanawe na anataka seti nzima ya chumba cha arusi: kitanda, kabati la milango mitatu na meza ya kioo cha kujitazamia. Lazima iwe tayari kabla ya Mfungo Nne, ndiyo Muharram, kwa sababu mwezi huo wao hawaoi. Dawoodbhai alishika ndevu kwa furaha, kisha akaziachia. Spiriti imeadimika mjini, na ile kidogo iliyopo haishikiki bei.

Mchana akaja Sammy, kijana anayetoa mizigo bandarini Kilindini, na pipa juu ya mkokoteni. Mzigo ulioachwa na mwenyewe, alisema, pipa limebonyea tu. Karatasi ya ubavuni ilikuwa imeliwa na kutu. Palibaki alama ya moto na nusu ya alama nyingine ambayo sikuitambua.

Dawoodbhai alimimina kidogo kwenye kifuniko cha soda, akawasha kiberiti. Ikawaka. Mzee Abdulghafur akaipaka nyuma ya mkono, akapuliza.

"Yakauka upesi kuliko mato ya mjane alorithi," akasema. Kwao mato ni macho.

Kisha wote wawili wakanigeukia. "Beti, wewe umesoma," akasema Dawoodbhai. "Hii si spiriti?"

Nilikumbuka darasa la kemia, kidato cha tatu, mwalimu wetu Bi Priscah akisema spiriti ni ukoo, si mtu mmoja. Kwamba zafanana sura na kuwaka, na tabia zao ni mbalimbali. Nikakumbuka hayo tu. Lililofuata sikulikumbuka. Ningeweza kusema sijui.

"Inaonekana ni spiriti," nikasema.

Jumanne, 11 Aprili

Nimejifunza adui wa polishi ni nini. Hewa ikiwa na maji, polishi ikikauka huota ukungu: weupe kama pumzi juu ya kioo, ila haufutiki. Lazima itolewe yote kwa spiriti na kuanzwa upya. Kwa hiyo wakati wa masika Mzee Abdulghafur huwasha seredani ya makaa ndani ya karakana asubuhi, chumba kikishapata joto huitoa nje, hufunga madirisha na ule mlango mzito, kisha hufanya kazi ndani peke yake mpaka adhuhuri. Huziba hata nyufa kwa matambara. Akitoka huwa ameloa jasho, na harufu tamu ya ile spiriti ya Sammy humfuata mpaka mezani pangu.

Mikono yake haina kinga. Bonge la pamba lililofungwa kitambaa hulilowesha, hulikamua kwa vidole, kisha hulizungusha juu ya mbao kama mtu anayembembeleza mtoto. Kila upako huuita mkono: mkono wa kwanza, mkono wa pili, mkono wa kumi. Nilichungulia leo akanifukuza: "Funga! Waniingizia bahari!"

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Sikwenda kazini. Jana Mzee alitoka amejifunga leso kichwani. Kichwa chamgonga, alisema. Ni mvua.

Alhamisi, 20 Aprili

Mlango wa kwanza wa kabati umekwisha. Aliniita baada ya adhuhuri. Kwao njoo ni ndoo.

"Ndoo hapa, karani. Simama hapa. Waona ukungu huu?"

Niliinama. Msaji ulikuwa umelala ndani ya polishi kama uko chini ya maji safi. Nilijiona mle: paji la uso, meno, hereni. Nikatafuta ukungu. Nikasogea kulia, nikasogea kushoto, nikatazama kutoka upande wa mwangaza. Sikuuona.

Mtu huyu amepiga polishi tangu kabla ya mimi kuzaliwa. Jicho lake si jicho langu.

"Nauona, Mzee," nikasema.

"Haya. Wewe wajifunza." Akaanza kuutoa.

Ijumaa, 21 Aprili

Ameutoa wote, ameanza tena.

Jumanne, 25 Aprili

Ukungu umerudi. Ndivyo anavyosema. Mara hii alikasirika, akaitukana mvua, akazitukana santuri, akaniuliza kama nilimnunulia za plastiki. Dawoodbhai akaja, akavaa miwani, akavua miwani. Akatazama mlango kwa muda mrefu.

"Kidogo," akasema hatimaye. "Upo kidogo."

Tuliporudi dukani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Beti, wewe unauona?"

"Fundi ameuona," nikasema.

"Ndiyo. Fundi ameuona."

Tukatazamana, kisha kila mmoja akatafuta karatasi ya kushika.

Ijumaa, 28 Aprili

Bwana Jamaldin alikuja kuangalia kazi yake. Alimkuta Mzee analowesha tambara ili autoe mkono wa tatu wa ule mlango wa kabati.

"Subhanallah! Mbona waufuta? Huu kama kioo! Mimi najiona mpaka mvi."

"Una ukungu," akasema Mzee bila kugeuka.

"Uko wapi?"

"Mteja ana mfuko, Bwana Jamaldin, hana jicho. Niachie jicho mimi."

Bwana Jamaldin alicheka, lakini mlangoni alinong'ona na Dawoodbhai, na Dawoodbhai akaapa kwa mkono kifuani kwamba yatakwisha kwa wakati. Mimi niliandika risiti ambayo hakuna aliyeiomba. Mteja hakuuona. Mimi siuoni. Dawoodbhai, nadhani, hauoni. Usiku nilijiambia huenda ukungu wa aina hiyo huonekana na mafundi tu, kama vile daktari anavyosikia kifuani asichosikia mgonjwa. Nililala nikiwa nimejiridhisha nusu.

Jumanne, 2 Mei

Mzee alimimina kahawa kando ya kikombe. Akanilaumu nimekisogeza. Nikaomba radhi.

Ijumaa, 5 Mei

Asubuhi alilisalimu kabati kwa jina la Dawoodbhai. "Sabalkheri, Dawoodbhai." Kabati lilikuwa limefunikwa shuka jeupe, na Dawoodbhai huvaa kanzu nyeupe, na mwangaza ulikuwa hafifu. Mambo hayo huweza kumtokea yeyote.

Ameanza kunitazama kwa pembe ya jicho, kama jogoo. Ukimwuliza jambo hugeuza kichwa kando. Nilidhani ananidharau.

Jumanne, 9 Mei

Lazima niandike yote leo.

Kesho ni Idi Kubwa, na Mzee alitaka kumaliza meza ya kioo kabla ya kufunga. Kioo chenyewe kilifika jana kutoka kwa mkataji, kirefu, kipya, kikapachikwa mahali pake. Kabla ya adhuhuri alinigongea mlango. Nilipoingia harufu ilinipiga usoni nikashika ukuta. Sielewi amekaaje humo wiki zote hizi.

"Karani," akasema, "mambo yamezidi. Tazama."

Alikuwa amesimama mbele ya kioo. Nilijiona na nilimwona yeye kando yangu, leso kichwani, midomo imekauka. Kioo kilikuwa safi. Nyuma yetu niliweza kusoma ndani yake tarehe ya kalenda ukutani, kinyumenyume.

"Waona? Hata kioo sasa chaota ukungu."

Akainua lile bonge la pamba, lenye polishi, akaanza kukisugua kioo. Akazungusha vile vile anavyozungusha juu ya mbao, kwa upole, kwa ustadi, mpaka uso wake ukafunikwa na rangi nzito ya santuri, kisha uso wangu.

Kioo hakinywi maji. Kioo hakiwezi kuota ukungu wa polishi, hata masika yakae mwaka mzima. Nilisimama pale na nikaelewa kila kitu kwa wakati mmoja: kahawa, kabati, pembe ya jicho, mlango uliopigwa na kutolewa, ukapigwa na kutolewa. Hapakuwa na ukungu juu ya msaji hata siku moja. Ulikuwa ndani ya macho yake. Na kila alipouona alichukua spiriti zaidi kuufuta, akafunga mlango, akaivuta, na ukungu ukaongezeka.

"Waona au huoni?" akaniuliza.

"Naona, Mzee," nikasema.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama. Hata wakati ule, hata baada ya kuelewa, hilo ndilo lililotoka.

Kabla ya kuondoka nilijaza chupa ndogo ya dawa kutoka kwenye pipa, nikaificha ndani ya mkoba.

Jumatano, 10 Mei, Idi

Duka limefungwa. Nilikwenda Tudor, nyumbani kwa Bi Priscah. Alinikumbuka, alisema nilikuwa mwanafunzi ambaye hakuuliza swali hata mara moja. Nilimpa chupa na kumweleza. Aliinusa kwa mbali, akaifunga, akaenda kunawa mikono.

"Sina maabara hapa, siwezi kuapa," akasema. "Lakini kuna spiriti ambayo hula mshipa wa jicho. Wengine huinywa wakafa. Ya kwenu anaivuta na inapita kwenye ngozi. Mambo unayonieleza ni yake hasa. Unangoja nini? Mtoe mtu huyo humo."

"Atapona?"

"Kilichokufa hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kuokoa. Mbodze, umejua tangu lini?"

Nikasema tangu jana. Ni kweli, na si kweli yote.

Alhamisi, 11 Mei

Nilimwambia Dawoodbhai punde tu alipofungua duka. Maneno niliyapanga njia nzima kutoka Majengo, nikapita Marikiti bila kuona hata chungwa, na yote yakanitoroka. Nilisema tu: "Ile si spiriti yetu. Inampofusha Mzee."

Hakunikaripia. Angenikaripia ingekuwa rahisi. Alikaa kwenye kochi ambalo halijawambwa, funguo mkononi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mbele ya watu, wewe msomi, ukasema ni spiriti."

"Nilisema inaonekana."

Akafunga macho. Baada ya hapo alisema yale niliyoyaogopa, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba: kwamba kimebaki kitanda na milango miwili, kwamba Bwana Jamaldin ameshawaalika watu, kwamba hapana fundi mwingine kisiwani anayeweza kuilinganisha kazi hii, kwamba labda madirisha yakifunguliwa kidogo. Nikamwambia madirisha yakifunguliwa polishi itaota ukungu wa kweli. Akasema anajua. Mzee Abdulghafur akaingia, akinukia udi wa Idi, akipapasa fremu ya mlango kwa ncha za vidole, jambo ambalo sasa siwezi kutoliona.

Dawoodbhai aliniashiria kwa kidevu. Akanitupia mimi.

"Mzee," nikasema, "naomba usiingie ndani leo. Macho yako yanaugua. Ni ile spiriti. Nimekwenda kuuliza."

"Mato yangu?" Akacheka. "Mato yangu ni mazima. Ni ukungu huu wa laana ulonichosha."

"Ukungu haupo, Mzee."

"Haupo?" Akageuza kichwa, akaniweka kwenye pembe ya jicho. "Siku ile ya mlango wa kwanza nalikuuliza, ukanambia wauona. Juzi mbele ya kioo nalikuuliza, ukanambia wauona. Na wewe Dawoodbhai, hukusema upo kidogo?"

Dawoodbhai alitazama funguo.

"Nilisema uongo," nikasema. "Niliogopa."

"Wamwogopa nani? Mimi?"

"Wote."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa."

"Basi nitajuaje uongo ni upi?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anayetaka jibu kweli. "Mtu hunena mara mbili upo, mara moya haupo. Ungekuwa kadhi ungehukumu vipi? Nenda kaandike risiti zako, mwanangu. Ukungu utakutokea ukijifunza kutazama."

Akaingia, akafunga mlango. Nikasikia matambara yakisukumwa kwenye nyufa.

Ijumaa, 12 Mei

Nilifika mapema. Alipoingia karakana nilimfuata, nikauvuta ule mlango mpaka mwisho, nikaburuta meza yangu mpaka ikakaa kwenye kizingiti. Nusu duka, nusu karakana. Kisha nikafungua madirisha na kuyatupa nje yale matambara.

"Funga!" akapaza sauti. "Karani! Waniharibia!"

"Sifungi, Mzee."

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Mvua iliingia na upepo, ikalowesha vitabu vya risiti, wino ukaenea. Mzee alikuja akaisukuma meza. Mimi nilikuwa nimekaa juu yake. Aliniita majina ambayo sitayaandika. Alimwita Dawoodbhai. Dawoodbhai alitokea, akatutazama mimi, meza na mvua, akarudi dukani. Mpaka sasa sijui kama ulikuwa ujasiri wake au uoga wake.

Mwishowe Mzee alipiga polishi hivyo hivyo, mlango wazi, akinung'unika, mpaka wakati wa kwenda msikitini.

Jumamosi, 13 Mei

Mlango wa pili wa kabati, alioupiga jana, umekauka. Umeota ukungu. Ukungu halisi, wa kwanza tangu nianze kazi hapa: mweupe, mzito, kama mtu amemwaga tui juu ya msaji na kulifuta vibaya. Ni kazi yangu mimi, niliyefungua mlango. Niliutazama nikaona aibu, kisha nikamwita Dawoodbhai.

Aliutazama bila miwani. Hakuhitaji. Akauchukua, akauegemeza ukutani upande wa kushoto, akauleta ule wa kwanza, ambao ni safi, akauegemeza upande wa kulia. Alifanya hivyo polepole, na mimi nikajua anachotaka kufanya, nikatamani asifanye.

"Abdulghafur, ndugu yangu," akasema. "Njoo unisaidie. Hii milango miwili. Upi wenye ukungu?"

Mzee alikuja. Alisimama mbele ya milango, akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Yote miwili."

"Upi zaidi?"

Aliinama. Akapitisha kiganja juu ya wa kushoto, akapitisha juu ya wa kulia. Vidole vyake vinajua mchanga, vinajua povu, vinajua mkono uliorukwa. Ukungu hauna mwili, hauguswi. Alirudi kwa wa kushoto. Alirudi kwa wa kulia. Nje mtu wa mkokoteni alikuwa akiomba njia, "Himahima! Himahima!", na mvua ilikuwa imepungua.

"Huu," akasema. Aliushika wa kulia.

Nadhani kimya chetu ndicho kilichomfikia, maana aliuachia kama umemchoma.

"Karani," akasema Dawoodbhai. "Wewe unaona nini?"

"Wa kulia uko safi. Wa kushoto ni mweupe."

"Na ule wa Aprili?" akauliza Mzee. "Nilioutoa?"

"Ulikuwa safi, Mzee. Ndio huo huo wa kulia."

"Na mara ya pili?"

"Safi."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Badala yake aliinama akaokota bonge lake la pamba kutoka kwenye sahani, akalifungua kitambaa, akatoa pamba, akakikunja kitambaa vizuri kama anavyofanya kila jioni. Ilikuwa bado saa nne asubuhi. Akatoka, bega lake likiufuata ukuta.

Jumatatu, 15 Mei

Hakuja. Dawoodbhai ameandika SUMU juu ya pipa kwa rangi nyekundu na kulifungia uani. Herufi zimechuruzika.

Jumatano, 17 Mei

Hakuja. Mvua siku nzima.

Ijumaa, 19 Mei

Seti imemalizwa na kijana kutoka Makadara kwa vanishi ya kopo. Inang'aa kama peremende. Bwana Jamaldin amefurahi sana. Anasema hii ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo.

Nilingoja kuondolewa kazi. Dawoodbhai ameniambia tu nipange risiti zilizolowa. Hanitazami usoni. Nami simtazami. Zamani nilimwogopa kwa kuwa ni tajiri, na nilimwogopa Mzee kwa kuwa ni fundi. Sasa nafikiri sisi watatu tulikuwa tukiogopana kwa zamu, na kila mmoja akiiita hofu yake heshima.

Jumatatu, 22 Mei

Bi Mwanakombo, mkewe Mzee, alikuja dukani asubuhi, buibui limelowa mpaka magotini. Hakukaa.

"Wewe ndiwe Mbodze? Ana miadi leo kwa daktari wa mato, na hataki kwenda nami. Asema yuwaona. Asubuhi amevaa kanzu nje ndani, akanambia mimi ndiye kipofu. Lakini ametaja jina lako. Asema akienda, ataenda na karani."

"Kwa nini mimi?"

"Sijui. Labda kwa kuwa wewe wamwitikia kila jambo."

Dawoodbhai alisema, "Nenda, beti," kabla sijaomba ruhusa.

Tulikwenda watatu. Njiani Mzee alinishika kiwiko, akanieleza habari za mbao kama mtu anayepita katika karakana: kwamba mvule hunywa sana, kwamba msaji una mafuta yake na lazima uufute kwanza. Hakutaja milango. Kwenye ngazi za hospitali alijikwaa, akasema ngazi za siku hizi hazina kipimo.

Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka michache. Alimwangalia machoni kwa taa ndogo kwa muda mrefu, jicho hili, jicho lile, akaandika. Akauliza alikuwa akifanya kazi gani, na ndani ya chumba cha namna gani, na kwa muda gani. Nilijibu mimi. Akaandika tena. Akasema kwa upole kwamba kilichopotea hakitarudi, na kwamba anataka kujua kimebaki kiasi gani, maana hicho ndicho watakachojaribu kukilinda, lakini mzee lazima amwambie kweli.

"Nitakwambia," akasema Mzee. "Naona vizuri. Mwangaza wa humu ndio mbovu."

Daktari akainua mkono mbele yake.

"Vidole vingapi, mzee?"

Alikuwa bado amenishika kiwiko. Nilihisi vidole vyake vikinibana, mara moja, kisha tena, kwa nguvu zaidi. Aligeuza sikio upande wangu kidogo tu, kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka chumba cha pili. Bi Mwanakombo alinitazama. Vidole vya daktari nilikuwa nikiviona vizuri kabisa, na kinywa changu kilikwishafunguka.

Nikakifunga.

Alinibana tena. Akangoja. Nje kwenye veranda watu walikuwa wakiitwa majina.

Mkono wake ukalegea.

"Mwenzangu leo amekataa kunisaidia, daktari," akasema. "Sioni."